Neno Moja kwa Kila Ngoma

Ilitangazwa Nguvumali, Pongwe na pwani yote mpaka Kigombe, kwa pembe na kwa sauti ya mtu mwenye mapafu ya Serikali, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna ngoma itakayopigwa, maulidi yatakayosomwa, jando litakaloingiwa wala ubatizo utakaoshangiliwa, mpaka mwombaji afike Ofisi ya Vibali na Mikusanyiko akiwa na neno moja la Kiingereza lenye herufi Q, X, Z au J.

Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakangoja sehemu ya kucheka. Mpiga pembe hakucheka. Alikuwa ameajiriwa asicheke.

Aliyeitunga amri ile ni Bwana Mselem bin Uweso, Karani Mkuu wa ofisi hiyo, mtu wa kanzu iliyotiwa wanga mpaka ikaweza kusimama peke yake, na kofia aliyoivua kwa watu wawili tu: kinyozi na Bwana Shauri. Hakuitunga kwa ubaya. Aliitunga kuokoa Dola.

Mambo yalikuwa hivi. Kila Jumamosi jioni, kwenye klabu ya Wazungu, Bwana Shauri, Mwingereza mkubwa wa ofisi ile, Bwana Krofti, alikuwa akicheza mchezo wa vibao. Ni vibao vidogo vya mti, kila kimoja kina herufi yake. Mchezaji hutia mkono mfukoni, akachota, akazipanga herufi zake mezani mpaka zitoe neno. Herufi nyepesi hazina faida kubwa. Heshima yote iko kwenye zile nzito, Q na ndugu zake. Na Bwana Krofti alikuwa na mkono wa ajabu: kila akichota, hutoka na Q. Akishaitoa huitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake, na jasho likamtoka, na neno lisimjie.

Asubuhi moja alimwita Mselem.

"Mselem, mimi nimeshindwa tena."

"Na nani, Bwana?"

"Na Bwana Kosta."

Bwana Kosta alikuwa Mgiriki, meneja wa shamba la mkonge upande wa Pongwe, mtu wa kifua wazi, aliyejifunza Kiingereza ukubwani kwa kutukanana na mabaharia.

"Mmecheza kwa Kigiriki, Bwana?"

"Kwa Kiingereza."

Mselem akaketi bila kuambiwa aketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Aliiona hatari yote mara moja. Leo watu wakisikia kwamba Mwingereza anashindwa Kiingereza na Mgiriki, kesho watauliza swali, na keshokutwa watauliza la pili, na la pili huenda likawa la kodi.

"Ukinipatia maneno," Bwana Krofti akasema, akitazama dirishani, "nitaandika upewe cheo. Na nyumba ya Serikali."

Hapo Mselem hakufikiri cheo. Alimfikiri Sabiha ndani ya nyumba hiyo.

Sabiha alikuwa mjane wa Nguvumali, mwenye nyumba yake, duka lake la khanga, na kicheko kilichokuwa kikisikika mtaa wa pili. Mselem alimposa akakataliwa, akamposa tena akachekwa, na safari ya tatu akakubaliwa kwa sharti moja. "Arusi yangu ya kwanza niliozwa kimya kimya kama mzigo wa magendo," Sabiha alimwambia. "Hii nataka ngoma. Lelemama, vigelegele, Nguvumali nzima isipate usingizi. Ngoma isipopigwa, wewe rudi kwenu ukalale na kalamu zako." Mselem akaapa. Ngoma ni kitu gani kwa mtu ambaye vibali vyote vya ngoma vinapita mkononi mwake?

Basi akakaa, akatunga Kanuni. Zilikuwa fupi, maana sheria nzuri ni fupi. Kila mwombaji alete neno. Neno likishapokelewa ni mali ya Serikali, na mtu mwingine hana ruhusa ya kulileta tena. Na kwa kuwa raia ni watu wa kubahatisha, neno lije pamoja na kitu kilichoandikwa neno hilo, kitu hicho kikae ofisini kama ushahidi, na kilichoingia hakitoki.

Bwana Krofti alipozisoma alisema ni kazi safi. Akauliza tu kama vijana wa Pongwe na bibi zao wa Kigombe wanajua Kiingereza.

"Hawajui, Bwana," Mselem akajibu. "Ndiyo maana hawatatuchagulia."

Jumatatu foleni ilianza mlangoni ikaishia kwa muuza kahawa, na muuza kahawa akahama akaifuata. Watu hawakujua Kiingereza lakini walijua kutafuta. Walisoma makopo, chupa, magunia, masanduku ya chai. Asubuhi ile ile yakaingia kopo la jamu, boksi la viberiti, na chupa ya kwinini ambayo Bwana Krofti alikinusa kizibo chake kwa mapenzi. Aliyechelewa akaja na kopo jingine la jamu aliambiwa neno hilo limeshaingia Serikalini. Yule wa kwanza alipouliza, "Sasa jamu yangu?" aliambiwa jamu abaki nayo, kopo tu ndilo la Serikali, na akapewa nafasi ya kuilamba pale pale.

Mzee Shehe alitoka Kigombe na bati kichwani. Wajukuu zake walitaka kuingia jandoni, na kijiji kizima hakikuwa na kopo ambalo halijaingia. Usiku wake alilala chali akitafakari, akaona juu yake, kwenye paa, muhuri wa kiwanda wenye Z.

"Shikamoo, mzee," Mselem alimwambia, maana adabu ni adabu. "Weka hapo."

"Marahaba. Bwana, hili nalirudishiwa lini?"

"Kilichoingia hakitoki."

"Masika iko mlangoni, mwanangu."

"Masika si idara yangu."

Beatrisi, fundi cherehani wa Pongwe, mke wa mkata mkonge, alitaka kibali cha karamu ya ubatizo wa mwanawe. Cherehani yake ilikuwa na kibao kilichoandikwa zigzag, neno lenye Z mbili. Bwana Krofti alipoliona alitoka ofisini kwake, akaitembeza ile cherehani kidogo, kwa mkono, kama mtu anayemzungusha mchumba. Karamu ikaruhusiwa. Cherehani ikabaki. Mtoto alibatizwa na gauni la mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa haujashonwa.

Luka, dereva wa lori la mkonge, ndiye pekee aliyejaribu njia ya mkato. Alikuja mikono mitupu, akatoa mfukoni sumni, akaibandika mezani. "Soma hapo pembeni ya kichwa. Queen. Ina Q."

Mselem akaitazama sumni. Sarafu imewekwa mbele ya karani, na foleni nzima inatazama, kama hongo. Na zaidi ya hapo, yule ni Malkia. Malkia hawezi kuingizwa rafu moja na kwinini.

"Malkia si neno," akasema. "Malkia ni Malkia. Neno hili nalikataa, na hela yako ondoa."

"Umelikataa?"

"Nimelikataa. Mbele ya wote."

Luka akaiokota sumni yake akaenda zake, na wote wakawa wamesikia.

Siku zikaenda, ofisi ikajaa. Ili kumfikia Karani Mkuu ilibidi upite kati ya madebe na mlango wa gari. Manase, tarishi wa ofisi, Mshambaa mrefu aliyezoea hewa ya milimani, alisema anaumwa kichwa kwa harufu ya makopo. Bwana Krofti akawa anajifungia na ushahidi wake kila alasiri, akijifunza. Ijumaa iliyotangulia arusi, ikafika zamu ya Mwanasiti.

Mwanasiti alikuwa somo yake Sabiha, ndiye aliyemfunda, na ndiye kiongozi wa chama cha lelemama ambacho wanawake wake walishanunua khanga za sare. Aliingia na kikapu, akakiweka juu ya bati la Mzee Shehe.

"Haya, bwana arusi. Nipe kibali cha ngoma ya kesho, nina nyama motoni."

"Neno?"

Mwanasiti akadhani ni mzaha. Akacheka. Mselem hakucheka.

"Mselem, ngoma yako hii. Arusi yako. Unanidai neno mimi?"

"Bwana arusi yuko nyumbani, dada. Hapa yuko Karani Mkuu."

Mwanasiti akafungua kikapu, akatoa kimoja kimoja. Boksi la sabuni. Limeshaingia. Chupa ya jamu. Imeshaingia. Kopo la nta ya kupigia viatu, ambalo lilikuwa na X nzuri kabisa, lakini mtu wa Pongwe alikuwa amelileta siku mbili nyuma kwa ajili ya maulidi.

"Kwa hiyo Nguvumali hii maneno yamekwisha?"

"Hayajaisha. Yamehifadhiwa."

"Na Sabiha je? Unajua alilosema."

Mselem alijua. Usiku alikuwa halali kwa kulijua. Lakini nyuma yake mlango wa Bwana Krofti ulikuwa wazi kidogo, na cheo chake kilikuwa humo ndani kimekaa. "Nikimpendelea mke wangu," akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "sheria itakuwa na shemeji."

"Sawa," Mwanasiti akasema, akirudisha makopo yake kikapuni taratibu. "Hivi hizo kanuni zako ni za watu wote?"

"Wote. Hata mimi."

"Nilitaka nisikie tu."

Jumamosi Mselem alioa. Ndoa ilisomwa msikitini baada ya alasiri, ikasomwa vizuri, mahari ikakubaliwa, akavaa joho na kilemba cha kuazima, akaongozwa kwenda nyumbani kwa bibi arusi bila ngoma, bila tari, bila hata mtu wa kupiga makofi. Wapita njia waliuliza nani kafa. Bwana Krofti, aliyealikwa, alikuja na gari mpaka pale, kofia mkononi, akisema atakula pilau kidogo kisha aende klabu, kwani jioni ile ndiyo siku ya kumtia adabu Mgiriki.

Mlango wa Sabiha ulikuwa umefungwa. Hilo halikumshtua mtu. Bwana arusi hufungiwa mlango, akatoa kifungua mlango, wanawake wakamzungusha kidogo, wakafungua. Ndivyo walivyooa babu zake. Mselem akapitisha noti chini ya mlango. Noti ikarudi.

Akaongeza. Zikarudi zote, zimekunjwa vizuri.

"Hela hatutaki," ikasema sauti ya Mwanasiti. "Bwana arusi alete neno. La Kiingereza, lenye Q, X, Z au J, ambalo halijaingia Serikalini, na kitu chake."

Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

"Mwanasiti," Mselem akasema chini chini, mdomo kwenye ubao, "usinifanye hivi, mwenzangu. Mbele ya watu."

"Mimi si Mwanasiti. Mwanasiti yuko nyumbani. Hapa yuko Mlango Mkuu."

Mselem akajaribu la kwinini. "Limeshaingia," wakajibu kwa pamoja. Akajaribu la bati. "La Mzee Shehe, Kigombe, na jana mvua imemwagikia godoro." Akajaribu la cherehani. "La Beatrisi, na Beatrisi yuko humu, anakusalimu." Mle ndani mlikuwa na wanawake ambao kila mmoja alishasimama foleni ile akanyimwa kitu, na hakuna aliyesahau neno lililomnyima. Kila neno alilolijua Karani Mkuu alilijua kwa sababu ameshalichukua. Alikuwa amelikomba jimbo, na sasa alikuwa amesimama katikati yake na kilemba.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya karibu zaidi, wala haikuwa na kicheko. "Mselem. Jua likizama hujaingia, mimi naosha hina yangu na wewe unarudi kwenu. Nilikwambia."

Mselem akageuka, uso umemshuka. "Bwana," akamwambia Bwana Krofti. "Lugha ni yenu."

Bwana Krofti akatabasamu. Kazi ndogo. Akarekebisha tai, akasogea mbele, watu wakampisha. Akafungua mdomo. Na kwa kuwa aliombwa Q na ndugu zake, na watu wanatazama, jasho likamtoka na neno lisimjie. Akasimama hivyo hivyo, muda wa mtu kula chungwa.

"Zebra," akasema mwisho.

Ndani wakashauriana. "Halijaingia," Mwanasiti akasema. "Hongera, Bwana. Mlete."

"Nani?"

"Punda milia. Kanuni zenu zinataka kitu kilichoandikwa, naye ameandikwa mwili mzima."

Muuza kahawa, ambaye naye alikuwa ameifuata arusi, akaketi chini. Bwana Krofti alizunguka macho akitafuta msaada, yakatua kwenye kofia ya Manase, yenye taji la shaba mbele. Akalisema neno polepole, kama mtu anayesali.

"Queen."

"Hilo alilileta mume wangu," akasema mke wa Luka kutoka dirishani, "na Karani akalikataa mbele ya wote. Kwa hiyo halijaingia."

Bwana Krofti akatoa sumni haraka, kwa furaha, akaipitisha chini ya mlango. Sumni ikarudi ikibingirika mpaka kiatuni kwake.

"Hela tumekwisha kusema hatutaki."

Hapo Manase, ambaye maradhi yake yalikuwa kusaidia, akasema, "Bwana, kuna ile picha ya Malkia ukutani ofisini. Chini ina kibao cha shaba, kimeandikwa."

Bwana Krofti akamtazama Manase. Akalitazama jua. Akaitazama saa yake, na Mgiriki anangoja. "Nenda na gari," akasema.

Picha ilikuja imekaa kiti cha nyuma peke yake, Manase kakaa mbele na dereva kwa heshima. Wanaume wakasimama, hawajui wavue kofia au wazivae vizuri zaidi. Mlango ukafunguliwa upana wa Malkia, akaingizwa, ukafungwa tena. Ndani wakakisoma kibao chake, herufi kwa herufi. Kisha vigelegele.

"Sasa neno tunalo," Mwanasiti akasema, ametoa kichwa. "Na mwenye neno na kitu chake hupewa kibali. Bwana, andika."

Bwana Krofti akaandika kibali cha ngoma mgongoni kwa Manase. Lelemama ikatoka uani kama maji yaliyozibwa wiki nzima, khanga za sare, pembe ya ng'ombe, tari, na Mselem akasukumwa ndani na wimbi lile, kilemba mkononi. Sabiha alikuwa kaketi kitandani, hina mpaka kwenye kifundo.

"Umechelewa ofisini?" akamwuliza.

Nguvumali haikulala. Klabuni, inasemekana, Bwana Krofti alipata Q mara mbili, lakini kila akifumba macho aliona mraba mweupe ukutani kwake. Bwana Kosta alimshinda kwa maneno madogo madogo kama dagaa.

Bwana arusi hukaa fungate siku saba ndani kwa mkewe, hatoki, analishwa. Hivyo Jumapili, ilipopigwa hodi, Mselem alikuwa kitandani anakula mkate wa kumimina, na Malkia yuko ukumbini juu ya kochi, kavishwa kikuba cha asmini, anafukizwa udi pamoja na nguo za bibi arusi.

"Hodi," ikasema sauti aliyoijua.

"Hodi ya nani?" Mwanasiti akauliza.

"Ya Serikali."

"Serikali ina neno?"

Mselem akainuka, mguu mmoja chini. Sabiha akamwekea mkono kifuani. "Fungate hii. Kula."

Kupitia dirishani ikaeleweka yote. Simu ilikuwa imefika kwamba Mkuu wa Jimbo anakuja na treni ya Jumatatu kukagua ofisi, na Mkuu wa Jimbo, kabla ya kumsalimu mtu, humsalimu Malkia ukutani. Bwana Krofti anamhitaji Malkia leo.

"Kilichoingia hakitoki," Mwanasiti akamwambia, kwa upole wa kiofisi. "Lakini Sabiha anasema atamtoa kwa kubadilishana. Bati la Mzee Shehe lirudi Kigombe, lipigiliwe misumari. Cherehani kwa Beatrisi. Makopo yote, madebe yote, mlango wa gari kwa mwenyewe. Na pembe ipigwe tena, iseme hakuna neno. Ngoma ni ngoma."

Bwana Krofti hakuwa amezoea kukata shauri bila ushauri. Akasogea dirishani. "Mselem," akaita. "Wewe ndiye unajua. Kanuni inasema nini? Nikikataa?"

Mselem akautazama mkate mkononi. Aliwaza cheo, na nyumba ya Serikali karibu na bahari, na meza yake. Kisha akautazama mlango. Alikuwa hajawahi kuutazama mlango kwa ndani. Kwa ndani mlango ni kitu kizuri sana.

"Ukikataa, Bwana," akasema, "itabidi upange foleni."

Jioni lori la Luka lilikwenda Kigombe na Pongwe likarudi tupu. Mzee Shehe aliomba aliyelichukua bati ndiye ashike ngazi, na aliyelichukua, wakamfahamisha, ni Serikali. Kwa hiyo Bwana Krofti alishika ngazi. Malkia akarudi ukutani kwake giza halijaingia.

Jumatatu mchana Manase akaja chini ya dirisha la fungate, amevua kofia, akijizuia kucheka.

"Alikuja?" Mselem akauliza.

"Alikuja. Akasimama mbele ya picha, akakunja uso, akasogea karibu, akanusa. Akanusa tena. Akamwuliza Bwana Shauri mbele ya makarani wote kwa nini Malkia ananukia udi na asmini."

"Naye akasemaje?"

"Alifungua mdomo," Manase akasema. "Jasho likamtoka. Neno halikuja."

Mselem akatafakari jambo hilo kama mtu aliyekuwa Karani Mkuu.

"Ungemwambia akaliazime kwa Mgiriki," akasema, akalifunga dirisha.